Mgeni, Mwenyeji na Mpira katika Mwambao wa Kyela

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Maneno hayo hutajwa mara nyingi pale watu wengi wanapotarajiwa kufika mji mmoja kwa siku moja, kama ilivyo desturi ya mashindano makubwa ya mpira wa miguu. Siku hizi kila mashindano huja na kijitabu chake cha kumwongoza mpenzi wa mpira aliyetoka mbali: apite njia gani, alale wapi, ale nini, na uwanja aufikie vipi. Mwezi wa Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilipopewa kwa pamoja heshima ya kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, vijitabu vya namna hiyo vilianza kufikiriwa katika Afrika ya Mashariki nzima. Kyela haikuwa mji wa mashindano hayo. Walakini Kyela ni mlango. Mtu wa Malawi atakaye kuja Tanzania kwa njia ya barabara huvuka mto Songwe, hupita Kasumulu, na ardhi ya kwanza aikanyagayo ni tambarare ya Kyela. Kwa hiyo ye yote atakayetunga mwongozo wa msafiri wa mpira kwa upande wa kusini hana budi kuanza hapo.

Kazi hiyo si mpya. Mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa umekwisha andikiwa miongozo mingi na wageni wake kwa muda wa karibu miaka mia na hamsini. Miongozo hiyo iliisifu nchi sana, na sifa zenyewe zikaleta mambo ambayo wenyeji hawakuyaomba. Na wakati huohuo wenyeji walikuwa na mwongozo wao, usioandikwa, juu ya namna mgeni anavyopokewa na namna anavyopaswa kukaa. Historia ya miongozo hii miwili yafaa kujulikana kabla ya kuandikwa wa tatu.

Kwanza itazamwe nchi yenyewe. Msafiri atokaye Dar es Salaam, kwa barabara kuu iendayo Zambia au kwa reli ya TAZARA, hufika Mbeya. Penye njia panda ya Uyole huigeukia kusini, hupanda milima ya Poroto penye baridi na viazi, hupita ubavuni mwa mlima Rungwe ulio na kimo cha karibu mita 3,000, na kufika Tukuyu kwenye chai na migomba. Kutoka Tukuyu njia huteremka, na jasho huongezeka kila mteremko mmoja, mpaka msafiri awe katika tambarare iliyo karibu mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Hiyo ndiyo Kyela: nchi ya mpunga, kakao, michikichi na mito iletayo udongo kutoka milimani. Mvua yake ni nyingi mno, na miezi ya Machi, Aprili na Mei mito hufurika hata mashamba na njia zikafunikwa. Mashariki husimama ukuta wa milima ya Wakinga, unaotumbukia ziwani kwa ghafula. Na mbele ni Nyasa yenyewe, yenye urefu wa kilomita zipatazo 580 na kina kifikacho mita 700.

David Livingstone, aliyelifikia ziwa hilo upande wa kusini mwaka 1859, hakuuona kamwe mwisho wake wa kaskazini. Mzungu aliyeufikia kwa chombo alikuwa E. D. Young, aliyeingiza ziwani mashua ya moshi iitwayo Ilala mwaka 1875. Mwaka 1877 alipita hapo Frederic Elton, balozi mdogo wa Uingereza huko Msumbiji, akipanda milimani kuelekea kaskazini. Akafa njiani katika nchi ya Ugogo mwezi wa Desemba mwaka uleule, na kitabu chake kikachapishwa baadaye na mwenzake Cotterill. Mwaka 1879 akafika Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti aliyeachiwa uongozi wa safari baada ya mkubwa wake, Keith Johnston, kufa huko Behobeho. Yafaa ikumbukwe kwamba Thomson hakufika kwa maarifa yake peke yake. Mkuu wa wapagazi wake alikuwa James Chuma, Myao, mmoja wa wale waliouchukua mwili wa Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Kuzungumza na wenye nchi, kuomba njia na kutafuta chakula, mambo hayo yote yalitegemea sana ulimi na busara ya watu kama Chuma. Lakini jina lililoandikwa juu ya jalada la kitabu lilikuwa la Thomson.

Vitabu vya wasafiri hao viliusifu mwambao huu kupita kiasi. Walisimulia vijiji vilivyofagiwa, nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi, migomba iliyopandwa kwa safu, ng'ombe wanono na watu wakunjufu. Mtu asomaye kurasa hizo huko London au Berlin aliweza kudhani kwamba bustani ya Edeni imeonekana. Wala sifa hizo hazikuwa uwongo. Vijiji vilikuwa safi kweli na chakula kilikuwa kingi. Kasoro yake ni kwamba zilimwonyesha msomaji bustani pasipo kumwonyesha mwenye bustani. Hata majina yalibadilishwa. Wanyakyusa wakaitwa Wakonde, kwa jina lililotokana na ndugu zao Wangonde wa ng'ambo ya Songwe. Milima ya Wakinga ikaitwa ya Livingstone, mtu ambaye hakupata kuikanyaga. Uwanda wa Kitulo ukaitwa wa Elton. Na Wajerumani walipojenga boma lao kando ya ziwa mwaka 1893 waliliita Langenburg, na walipohamia milimani Tukuyu wakapaita Langenburg Mpya.

Sifa za nchi hazikukawia kuzaa matunda. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziliandikiana mkataba wa kugawana nchi, na mpaka ukapitishwa penye Songwe. Wangonde wakawa upande mmoja na Wanyakyusa upande wa pili, ijapokuwa lugha zao na asili yao ni karibu moja. Mwaka 1891 walifika wamisionari wa makundi mawili kutoka Ujerumani: Wamoravian wakiongozwa na Theodor Meyer, waliojenga Rungwe, na wale wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, ambao baadaye walishuka mpaka Ikombe ziwani. Walipotafuta neno la kumtaja Mungu walilichukua jina la Kyala, shujaa wa kale ambaye pango lake la ibada lilikuwa karibu na Ikombe hukohuko. Miaka miwili baada yao ikaja meli ya Hermann von Wissmann, iliyochukuliwa vipande vipande mpaka ziwani, na pamoja nayo serikali, amri na kodi. Yote hayo yaliwafikia watu ambao kosa lao moja lilikuwa kwamba mgeni wa kwanza alipokelewa vizuri akaenda kusimulia.

Ingekuwa udhalimu, hata hivyo, kusema kwamba Wazungu peke yao waliuvunja ugeni. Karonga, upande ambao sasa ni Malawi, alikaa mfanya biashara Mlozi, mtu wa jamii ya Waswahili na Waarabu wa pwani, aliyenunua pembe na watumwa. Alifika kama wageni wengine, akakaa kwa Wangonde, akajenga ngome, akafanya biashara na Kampuni ya Kiskoti ya Maziwa. Mwezi wa Oktoba 1887 watu wake waliwageukia wenyeji wao. Wangonde wengi waliokimbilia katika matete ya kidimbwi cha Kambwe waliuawa humo, na Mlozi akajitangaza kuwa sultani wa nchi. Vita vilivyotokana na jambo hilo viliendelea kwa kukatika na kuanza tena hata mwaka 1895, Mlozi alipokamatwa na kunyongwa. Lugha aliyoitumia ni Kiswahili, lugha ileile ambayo leo mpenzi wa mpira huitumia kuulizia njia sokoni Kyela. Msomaji wa Kiswahili hawezi kulipita jambo hilo akijifanya halioni. Katika mwambao huu lugha hii iliingia ikiwa na bidhaa mkono mmoja na bunduki mkono wa pili, na imepata heshima yake ya sasa kwa matendo ya watu wa baadaye.

Kisa kingine, kidogo zaidi, kilitokea kusini katika ziwa hilohilo. Kabla ya mwaka 1914 nahodha Rhoades wa meli ya Kiingereza Guendolen na nahodha Berndt wa meli ya Wissmann walikuwa marafiki, kila mmoja mgeni wa mwenzake apitapo bandari yake. Mwezi wa Agosti mwaka huo Rhoades alipata habari ya vita mapema. Akaenda Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, akaikuta meli ya Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mzinga. Berndt hakuwa na habari yo yote ya vita. Yasimuliwa kwamba alikuja kwa mtumbwi, amejaa hasira, akimwuliza rafiki yake kama amelewa. Naye akachukuliwa mateka. Wazungu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko. Lakini wiki chache baadaye, tarehe 9 Septemba, palipigwa vita vya Karonga, na watu wa kandokando ya Songwe ndio waliobeba mizigo, waliotoa chakula na waliopoteza mifugo, mpaka Waingereza walipoiteka Tukuyu mwezi wa Mei 1916. Marafiki wawili waligombana, na nyumba iliyobomoka ilikuwa ya mtu wa tatu.

Hiyo ndiyo miongozo ya wageni na matokeo yake. Sasa yafaa kutazama mwongozo wa wenyeji. Godfrey na Monica Wilson walikaa kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kilieleza jambo ambalo wasafiri wa kwanza walilitazama bila kulifahamu. Kijiji cha Kinyakyusa hakikuwa cha ukoo mmoja. Kilikuwa cha marika. Wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni. Mchana walichunga ng'ombe wa baba zao na kulima mashamba yao. Wakati wa chakula walikwenda kundi zima kwa mama wa mmoja wao, kisha siku nyingine kwa mama wa mwingine. Walipokua, hapohapo walioa na kuishi, mpaka ufike wakati, mara moja katika kila kizazi, wa wazee kuwakabidhi vijana nchi kwa sherehe.

Desturi hiyo ilikuwa na neno lake, ukwangala, yaani furaha ya kukaa pamoja na wenzi: kuzungumza, kula chungu kimoja, kunywa pombe pamoja, kutembeleana. Kwa Mnyakyusa wa zamani mtu alayeye peke yake alikuwa amekosa sehemu kubwa ya maisha. Kwa hiyo mgeni aliyefika hakuwa mzigo wa mtu mmoja. Alikuwa mgeni wa rika zima, na chakula chake kilitoka katika nyumba nyingi.

Lakini ukwangala haukuwa furaha tupu. Ulikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na adhabu. Iliaminiwa kwamba mtu aliyewanyima jirani zake karamu iwapasayo, au aliyewatendea wazee wake ubaya, angeweza kupatwa na ugonjwa kwa pumzi ya watu, ndiyo manung'uniko ya majirani yanayogeuka ubaridi mwilini mwa mkosaji. Ukarimu, basi, ulikuwa deni. Aliyekula leo alipaswa kulisha kesho, na kijiji kizima kilihesabu. Msafiri aliyepewa mkungu wa ndizi na maziwa akaandika kwamba watu hawa hutoa bure, hakuwa amesoma hesabu hiyo. Wenyeji walimhesabu kuwa mdaiwa.

Wala haifai kuipamba desturi hiyo mpaka nayo iwe Edeni ya pili. Chungu walichokizunguka vijana kilipikwa na mama zao, na wanawake hawakuwa na vijiji vya rika vyao; waliolewa katika vijiji vya wanaume. Wazee walishika ng'ombe, na kwa hiyo walishika mahari, na vijana wengi walichelewa kuoa. Ardhi ilipopungua na fedha ilipoingia, vijiji vya rika vilianza kufifia, na wana wakapendelea kukaa karibu na mashamba ya baba zao. Tena wanaume wengi walitoka: wengine Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine mbali zaidi mpaka Afrika ya Kusini, mpaka Tanganyika huru ilipozuia uandikishaji wa kupeleka watu huko. Katika safari hizo Mnyakyusa alijifunza upande wa pili wa ugeni, yaani kulala katika nyumba ya mtu usiyemjua, kuitwa kwa jina ambalo si lako, na kutafuta rika jipya miongoni mwa watu wa lugha nyingine.

Hapo ndipo mpira unapoingia katika historia hii kwa haki yake. Timu ya mpira ni rika. Wachezaji wake ni wa umri mmoja, hula pamoja, hushinda na kushindwa pamoja, na nyuma yao lipo kundi la watu wanaokubali kulipa deni lao. Nchi iliyozoea kuwatazama vijana kwa marika haikuhitaji kufundishwa maana ya timu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ubingwa ambao tangu ligi ilipoanza mwaka 1965 ulikuwa karibu daima mikononi mwa vilabu vya Dar es Salaam. Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City, iliyokuwa imepanda ligi kuu msimu huohuo, ilimaliza katika nafasi ya tatu, na uwanja wa Mbeya uitwao kwa jina la Edward Sokoine ukajaa watu waliovaa zambarau. Mtu wa Kyela aliyetaka kuiona michezo hiyo alipanda kule milimani, naye akawa mgeni kwa siku moja, ijapokuwa alikuwa katika mkoa wake mwenyewe.

Mpenzi wa mpira asafiriye ni mgeni wa namna ya pekee. Haji na bidhaa kama mfanya biashara, wala hana hati ya kutwaa nchi. Walakini huja na kundi, huja na kelele, na huja kwa nia ya kuona mwenyeji wake ameshindwa. Ugeni wa jinsi hiyo ni mtihani mgumu. Mwenyeji huombwa ampe chakula na kitanda mtu atakayemzomea jioni. Kama ugeni huo haukuwa na sheria, hugeuka ugomvi upesi. Nao mwambao wa Nyasa umekwisha ona mara nyingi wageni wakigombana na mwenye nyumba akilipa.

Je, mwongozo wa msafiri huyo useme nini? Useme kwanza mambo ya mwili. Tambarare ya Kyela ina joto na mbu, na malaria haimchagui mtu kwa timu yake; chandarua ni lazima. Katika masika asitegemee njia ndogo, wala asiudharau mto Songwe, ambao kwa mafuriko yake umepata kuhamisha mkondo hata serikali mbili zikalazimika kushirikiana kuutuliza. Upepo wa kusini huliamsha ziwa kwa mawimbi makubwa, na mvuvi akisema leo hakuendeki, neno lake lisibishwe. Chakula hakina shida: wali wa Kyela unajulikana kwa harufu yake tangu ungali jikoni, na ziwa hutoa mbasa na usipa. Mwenye siku moja ya kupumzika aende Matema chini ya milima, na ikiwa ni Jumamosi atayakuta magulio ya vyungu vya wanawake wa Kikisi, vilivyoletwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Ikombe.

Kisha useme mambo ambayo miongozo ya zamani iliyaacha. Wenyeji waitwe kwa jina lao. Anapotaja ziwa mbele ya watu wa pande zote mbili, mgeni ajue kwamba upande mmoja huliita Nyasa na wa pili huliita Malawi, na kwamba mstari wa mpaka majini ni ubishi wa serikali mbili uliotokana na maneno ya mkataba wa 1890. Hilo ni deni la wageni wa zamani, lisichochewe kwa utani wa mpira. Ajue kwamba mtu wa Karonga na mtu wa Kyela hufahamiana kwa lugha ya mama zao, hata kama siku hiyo bendera zao ni mbili. Pango la Kyala lina wenyewe, na haliendewi pasipo kuomba ruhusa. Amsalimu mzee kabla ya kuuliza njia, na apewapo kitu aseme ndaga fijo, yaani ahsante sana. Zaidi ya yote, ajue kwamba amehesabiwa. Sahani aliyolishwa ina zamu yake, na siku timu ya mwenyeji itakapokwenda mjini kwake, atatafutwa.

Thomson na Elton waliondoka bila kulipa zamu hiyo, kwa kuwa mmoja alirudi kwao na mwingine akafa njiani. Wala hakuna Mnyakyusa wa zama zao aliyekwenda Edinburgh kupokewa. Mpira umelibadili jambo hilo. Ratiba ya ligi ina mechi mbili, moja nyumbani na moja ugenini, na atakayekuwa mwenyeji kesho amekwisha andikwa. Wazee wa vijiji vya rika wangaliona karatasi hiyo, wasingehitaji kuelezwa maana yake.